Bei ya uniti siyo bili

Saa nne asubuhi. Mteja mmoja ana povu kichwani, mwingine anasubiri zamu, na simu imebanwa kati ya sikio na bega. Upande wa pili sauti changamfu inaeleza kwamba mkataba wa umeme wa saluni unakaribia kwisha, kwamba kuna bei ya senti 24 kwa uniti, na kwamba mwisho wa bei hiyo ni leo jioni. "Wewe sema ndiyo tu, mengine niachie mimi." Mwenye saluni anatazama povu linavyokauka. Anasema ndiyo.

Nchini Uingereza, ndiyo ya namna hiyo inaweza kuwa mkataba kamili wa miaka mitatu. Siku 14 za kubadili mawazo ambazo sheria inampa mteja wa nyumbani, mfanyabiashara hapewi.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu mtu huyohuyo hanunui katoni ya dawa ya nywele kabla ya kuuliza maduka matatu. Bei ya kila chupa anaijua. Umeme, ambao anaulipia mwezi hadi mwezi, anaununua kwa dakika kumi za simu. Wala si uzembe. Soko lenyewe limepangwa hivi kwamba namba moja tu ndiyo inayosikika, na namba hiyo peke yake haitoshi kulinganisha chochote.

Ninayoandika hapa ni kwa aliye mahali ambako soko la rejareja la umeme limefunguliwa na mfanyabiashara mdogo anaruhusiwa kuchagua nani amuuzie: Uingereza, Australia, New Zealand, Japani, Ujerumani, Texas na kwingineko. Hesabu nimeziweka kwa senti za mfano. Weka sarafu yako, njia ya kukokotoa ni ileile.

## Muuzaji anauza nini hasa?

Hamiliki nyaya zinazoingia dukani kwako. Nguzo, nyaya na transfoma ni mali ya kampuni ya usambazaji ya eneo lako, na hiyo huichagui. Umeme ukikatika, mafundi watakaokuja ni walewale, uwe umenunua kwa muuzaji wa bei ya juu kuliko wote au wa bei ya chini. Anayekwambia umeme wake ni "imara zaidi" anakuuzia kitu asichokuwa nacho.

Muuzaji ananunua umeme kwenye soko la jumla, anaweka juu yake gharama za usambazaji, tozo za serikali, gharama ya mita na faida yake, kisha anakutumia bili. Kwa hiyo bili ina sehemu mbili: zile anazozipanga yeye, na zile zinazopitia mikononi mwake tu.

Ukishajua hilo, unaiangalia bili kwa jicho jingine. Kwa kila mstari uliza: hii nani kaipanga? Kama ni msambazaji au serikali, wauzaji wote watakutoza karibu sawa, na kuhama hakutaiondoa. Ushindani uko kwenye mistari iliyobaki.

## Kaa na bili zako kwanza

Kabla hujafungua tovuti yoyote ya kulinganisha, toa bili za miezi 12. Siyo bili moja. Bili ya mwezi wa joto kali au wa baridi kali itakudanganya, na muuzaji anayekupa makadirio kwa bili moja anakisia tu.

Unatafuta mambo haya: jumla ya uniti za mwaka, ada ya kila siku, jina au namba ya kundi lako la bei, kiwango cha juu cha matumizi kama kimeandikwa (kwa kW au kVA, vipimo vya nguvu inayovutwa), tarehe ya mwisho wa mkataba, na namba ya kituo cha mita. Namba hiyo ya mwisho ndiyo kitambulisho cha duka lako kwenye mtandao wa umeme: Uingereza ina tarakimu 13, New Zealand ina herufi na namba 15. Ikikosewa, unaweza kujikuta umehamisha mita ya jirani.

Angalia pia kama usomaji wa mita ni wa kweli au wa kukadiria. Bili nyingi huweka alama pembeni ya usomaji. Ukikuta miezi minane mfululizo imekadiriwa, simama hapo. Nenda kwenye mita, soma mwenyewe, peleka usomaji huo, subiri bili iliyosahihishwa, halafu ndipo ulinganishe. Kujenga hesabu juu ya makadirio ni kupoteza muda.

Na mita yenyewe je? Kwa mita ndogo ya kawaida kuna jaribio rahisi. Tafuta taa ndogo inayomemeteka na maandishi kama "1000 imp/kWh" karibu yake, yaani inamemeteka mara 1,000 kwa kila uniti (kWh). Zima kila kitu dukani. Taa ikiendelea kumemeteka, kuna kitu kinakula umeme usichokijua, au kuna chumba cha mtu mwingine kimeunganishwa kwako. Halafu washa kifaa kimoja unachojua nguvu yake, tuseme hita ya kilowati 2. Kwa mita ya 1000, taa inapaswa kumemeteka kila baada ya sekunde 1.8 hivi. Ikiwa inamemeteka kwa kasi maradufu, hita yako haina kosa.

Biashara zenye mzigo mkubwa huwa na mita inayosoma kupitia transfoma ndogo za mkondo. Hapo bili lazima iwe na kizidisho, yaani namba ya kuzidishia usomaji. Transfoma za 200/5 zina kizidisho cha 40: tofauti ya usomaji ikiwa 75, umetumia uniti 3,000. Transfoma zikibadilishwa na mfumo wa bili usibadilishwe, unaweza kulipa kwa kizidisho kisicho chako kwa miaka, na hakuna muuzaji mpya atakayeligundua hilo kwa niaba yako. Soma maandishi yaliyo kwenye transfoma, kisha soma bili. (Usifungue kisanduku kilichofungwa kwa lakiri, mwite mwenye mita.)

## Uniti 21,900

Sasa turudi kwenye ile senti 24.

Chukua ofa mbili. Ya kwanza: senti 24 kwa uniti, ada ya siku senti 180. Ya pili: senti 26 kwa uniti, ada ya siku senti 60. Kwenye simu utasikia 24 na 26, basi. Ya kwanza inaonekana nafuu.

Saluni inayotumia uniti 9,000 kwa mwaka italipa senti 281,700 kwa ofa ya kwanza na senti 255,900 kwa ya pili. Ile ya "bei ya juu" ndiyo nafuu, kwa karibu sehemu moja ya kumi ya bili.

Mahali zinapokutana ni rahisi kupapata. Tofauti ya ada ya siku ni senti 120. Zidisha kwa 365 unapata 43,800. Gawanya kwa tofauti ya bei ya uniti, ambayo ni 2. Jibu ni uniti 21,900. Chini ya hapo chukua ofa ya pili, juu ya hapo chukua ya kwanza.

Hesabu ya mstari mmoja.

Hakikisha tu kwamba bei zote mbili ama zina kodi ama hazina. Wauzaji wengi hutangaza bei za biashara bila kodi, na za nyumbani zikiwa na kodi, hivyo anayelinganisha duka lake na nyumba yake hupotea mapema. Angalia na punguzo. "Asilimia 15 chini" mara nyingi ni ya bei ya uniti peke yake, haigusi ada ya siku, na huenda inaondoka ukichelewa kulipa siku moja.

Australia wamejaribu kulisafisha jambo hili. Tangu tarehe 1 Julai 2019, katika majimbo yanayohusika, mdhibiti anapanga bei ya rejea na matangazo lazima yaseme ofa iko asilimia ngapi juu au chini yake, hata kwa biashara ndogo. Ni hatua nzuri. Lakini asilimia hiyo inakokotolewa kwa matumizi ya mfano, wala si yako. Mwenye duka anayetumia theluthi ya matumizi hayo ya mfano anaweza kuona ofa imepangwa juu kwenye orodha, na kwake ikawa ghali kuliko ya tano.

## Bei inayofuata saa

Hapa ndipo fedha nyingi hupatikana au kupotea, na ndipo watu wengi hukata tamaa kwa sababu hesabu inaanza kuonekana ngumu. Si ngumu.

Tuseme muuzaji anatoa bei moja muda wote, senti 25. Mwingine anatoa senti 31 mchana na senti 16 usiku. Swali ni moja: sehemu gani ya matumizi yako iko usiku? Kutoka 31, kila sehemu inayohamia usiku inakuokolea 15. Ili wastani ushuke hadi 25 unahitaji kushusha 6. Sita kwa kumi na tano ni asilimia 40.

Mwokaji mikate anayewasha oveni saa nane usiku na kutumia asilimia 60 ya umeme wake kabla ya mapambazuko atapata wastani wa senti 22. Kwa uniti 40,000 anaokoa senti 120,000 kwa mwaka. Kinyozi anayefungua saa tatu na kufunga saa mbili usiku, mwenye friji na taa ya kibao tu usiku, ana asilimia 10. Wastani wake ni senti 29.5. Ofa ileile inayomnufaisha mwokaji inamuumiza kinyozi.

Ndiyo maana "muuzaji gani ni bora?" ni swali ambalo sijui kulijibu, na ninamtilia shaka anayelijibu haraka.

Sehemu yako utaijuaje? Kama una mita ya kisasa, omba data ya matumizi ya kila nusu saa kwa mwaka mzima. Muuzaji wako wa sasa, au msambazaji, anayo. Inakuja kama faili la jedwali lenye mistari 17,520, yaani 48 kwa siku. Ifungue kwenye programu ya majedwali, jumlisha kwa saa, na utaona biashara yako ilivyo: inaamka lini, inalala lini, na nini hakilali kabisa.

Kabla hujaamini jibu, kagua vitu viwili. Kwanza, nchi zinazosogeza saa majira ya joto: je, saa za bei zinasogea pamoja na saa ya ukutani, au mita inabaki palepale? Zipo mita za zamani za bei mbili ambazo saa yake haisogei, na nyingine imepotea kwa saa nzima bila mtu kujua. Pili, wikendi na sikukuu: zimehesabiwa kama usiku au kama siku ya kazi? Kwa mkahawa unaouza zaidi Jumamosi na Jumapili, jibu la swali hili linaweza kugeuza mshindi.

## Nusu saa moja ya alfajiri

Ukishavuka ukubwa fulani, bili inaongeza mstari ambao haupimi umetumia kiasi gani, bali ulivuta kwa nguvu kiasi gani kwa wakati mmoja. Uingereza na Australia kwa kawaida hupimwa kwa wastani wa dakika 30. Ujerumani na sehemu nyingi za Marekani, dakika 15. Wastani wa juu kuliko wote katika kipindi, yaani kilele, ndio unaotozwa.

Rudi kwa mwokaji. Ana oveni mbili za kilowati 18, mashine ya kukandia ya kilowati 4 na chumba baridi cha kilowati 3. Akifika anawasha vyote kwa pamoja. Oveni baridi inavuta nguvu yake yote hadi ipate joto, basi kwa nusu saa hiyo anafikia kilowati 43.

Sasa awashe oveni ya kwanza, asubiri dakika 40, ndipo awashe ya pili. Ya kwanza imeshapata joto; thamostati inaiwasha na kuizima, wastani wake umeshuka hadi, tuseme, kilowati 6. Jumla: 6, 18, 4 na 3, yaani 31. Ametoa kilowati 12 bila kupunguza mkate hata mmoja. Kwa tozo ya senti 900 kwa kilowati kwa mwezi ni senti 10,800 kila mwezi, 129,600 kwa mwaka.

Linganisha na senti 120,000 alizookoa kwa kuhama bei. Dakika 40 za subira zimezidi.

Hapo ndipo mtazamo wangu kuhusu kulinganisha wauzaji ulipogeuka. Tozo hii kwa sehemu kubwa ni ya msambazaji. Muuzaji yeyote utakayemchagua ataipitisha. Ukitumia wiki nzima kutafuta muuzaji na usiiguse, umefanya kazi kwenye nusu isiyo na fedha.

Soma pia kipindi kinachohesabiwa. Kwingine kilele kinaanza upya kila mwezi. Kwingine kilele cha juu cha miezi 12 iliyopita ndicho kinachotozwa miezi yote, kwa hiyo asubuhi moja ya haraka, umeme uliporudi baada ya kukatika na kila kitu kikawaka pamoja, italipiwa mwaka mzima. Katika mpango wa namna hiyo mfundishe kila mwenye ufunguo utaratibu wa kuwasha.

Kama tozo ni kwa kVA na si kW, kuna hatua moja zaidi, hasa kwa karakana zenye mota. Pawa fekta ni sehemu ya nguvu inayovutwa (kVA) ambayo inafanya kazi kweli (kW): kilowati 40 zenye pawa fekta ya 0.8 ni kVA 50. Kapasita, vifaa vya kuirekebisha, za ukubwa wa takriban kvar 17 zinaipandisha hadi 0.95, na kVA zinashuka hadi 42. Fundi apime kwanza, hasa kama una mota zinazoendeshwa na vidhibiti vya mwendo vya kielektroniki, kwa maana kapasita zilizowekwa bila kupima zinaweza kugongana na mawimbi ya vifaa hivyo na kuungua.

## "Haibadiliki"

Neno linalouza mikataba kuliko yote ni hili: bei haibadiliki.

Ipi haibadiliki? Katika mikataba mingine bei yote imefungwa, pamoja na usambazaji na tozo. Katika mingine kilichofungwa ni bei ya umeme wenyewe, na vingine vyote vinapita kwako vikipanda. Zote mbili zinaitwa kwa jina lilelile kwenye tangazo. Ya pili huonekana nafuu siku ya kusaini, kwa sababu hatari ya kupanda imebaki kwako. Siyo lazima iwe mbaya. Ubaya ni kuziweka kando kwa kando kana kwamba ni kitu kimoja. Waulize wauzaji kwa maandishi, mstari kwa mstari: umeme, usambazaji, usafirishaji, tozo za serikali, mita. Kipi kimefungwa, kipi kinapita? Asiyejibu kwa maandishi, mwondoe kwenye orodha.

Kuna na kifungu cha kiasi. Unaahidi uniti 60,000 kwa mwaka, na mkataba unasema usishuke chini ya asilimia 80. Umeacha laini moja ya uzalishaji, umeweka paneli za jua juu ya paa, umetumia 40,000. Zile 8,000 zinazopungua kufikia 48,000 zinaweza kudaiwa. Anayepanga kuweka sola ndani ya muda wa mkataba na atafute kifungu hiki kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu mwisho wa mkataba. Hapa nina hasira ya kweli, kwa sababu anayeumia ni yule aliyekuwa mteja mtulivu. Mkataba ukiisha bila wewe kusema neno, unaangukia ama kwenye mkataba mpya uliojianza wenyewe, ama kwenye bei ya wasio na mkataba, ambayo huwa ya juu mno. Hali ni ileile ukihamia jengo jipya na kuanza kutumia umeme uliokuwepo: unahesabiwa umekubali masharti ya muuzaji aliyepo, kwa bei yake. Uingereza iliweka kikomo cha bei kwa nyumba Januari 2019. Biashara haimo.

Weka tarehe mbili kwenye kalenda ya simu: mwisho wa mkataba, na siku ya kwanza unayoruhusiwa kutoa notisi. Notisi itume kwa barua pepe na utunze jibu.

## Dalali

Dalali mzuri, anayekutafutia muuzaji wa umeme, ana thamani. Anajua wauzaji gani wanakataa biashara changa, nani anadai amana, nani analipa madai ya bili mbovu bila kusumbua. Tatizo ni namna anavyolipwa, kwa kuwa mara nyingi malipo yake yamefichwa ndani ya bei ya uniti.

Senti 1 juu ya kila uniti haionekani. Kwa uniti 25,000 kwa mwaka, mkataba wa miaka mitatu, ni senti 75,000. Na kadiri mkataba ulivyo mrefu ndivyo anavyopata zaidi, kwa hiyo ushauri wa "jifunge miaka mitano" uupime ukijua hilo.

Muulize: unapata kiasi gani kwa kila uniti, nani anakulipa, umewasiliana na wauzaji wangapi na wangapi umewaacha? Uingereza, tangu Oktoba 2022, muuzaji lazima aonyeshe malipo ya dalali kwenye masharti makuu ya mkataba wa biashara ndogo sana, ikiwemo ile inayotumia uniti zisizozidi 100,000 za umeme kwa mwaka. Dai uone namba hiyo kabla ya kusema ndiyo.

Barua ya idhini anayokupa usaini nayo isome hadi mwisho. Unachotaka kumruhusu ni kuomba data yako na bei. Barua nyingine zinampa ruhusa ya kusaini mkataba kwa niaba yako. Kata sentensi hiyo. Akikataa, agana naye kwa amani.

Na kwa yule wa simu ya saa nne asubuhi: "Nitumie masharti yote kwa barua pepe, nitajibu kesho." Bei nzuri itavumilia usiku mmoja. Kweli, bei za jumla hubadilika kila siku na ofa hufungwa, lakini mabadiliko ya usiku mmoja kwa kawaida ni madogo kuliko makosa yaliyomo katika mkataba ambao haujasomwa.

## Kujifunga au kuelea

Hili ndilo lililonipa shaka kuliko yote. Bei iliyofungwa ni bima, na bima ina gharama yake; mara nyingi anayeelea na soko hulipa kidogo kwa muda mrefu. Kisha inakuja wiki moja.

Februari 2021 baridi kali iliiangusha mitambo mingi ya Texas, na bei ya jumla ikapanda hadi kikomo chake, dola 9 kwa uniti moja, ikakaa hapo kwa siku kadhaa. Waliokuwa na mikataba inayofuata bei ya jumla moja kwa moja walipata bili za maelfu ya dola kwa siku chache. Mwaka uleule sheria ya Texas ilipiga marufuku kuwauzia wateja wa nyumbani mikataba hiyo.

Upande wa pili, mwaka huohuo, zaidi ya wauzaji 25 wa Uingereza walianguka kwa sababu walikuwa wameahidi bei za chini bila kununua umeme wa kutosha mapema. Wateja hawakukaa gizani. Walihamishiwa kwa wauzaji wengine. Ila ile bei "iliyofungwa" ilikufa pamoja na aliyeiahidi.

Hivyo siulizi tena bei itapanda au itashuka. Ninauliza: bili ikizidi mara tatu kwa miezi miwili, biashara itamudu? Kama jibu ni hapana, funga bei. Kama saa za friji kuvuta umeme zinaweza kusogezwa, kazi inaweza kuhamia usiku na akiba ipo, kuelea kunaingia akilini. Na muuzaji ambaye bei yake iko chini kabisa ya wengine wote, usimwachie salio kubwa. Lipia ulichotumia, kwani akianguka, kurejeshewa salio la biashara hakuna uhakika ule alio nao mteja wa nyumbani.

Umeme "wa kijani" nitaupitia haraka: nyaya ni zilezile. Unachonunua ni vyeti vinavyothibitisha kwamba kiasi sawa kilizalishwa mahali fulani. Kama wateja wako wanajali, uliza vyeti vinatoka wapi na vya mwaka gani.

## Wasio na cha kuchagua

Ukiwa mpangaji ndani ya jengo kubwa lenye mita moja kuu, na mwenye jengo anakuuzia kupitia mita ndogo, huenda huna muuzaji wa kumhama. Haki zako zinatofautiana sana kati ya nchi na nchi. Unachoweza kufanya popote ni kuomba nakala ya bili kuu na kulinganisha bei unayotozwa. Fanya hivyo kabla ya kusaini upangaji. Ukishaingia, nguvu ya kujadiliana imekwisha.

Na kwa kibanda kinachotumia uniti 3,000 kwa mwaka: tofauti ya senti 2 ni senti 6,000. Angalia ada ya siku, angalia kama mkataba umeisha, chagua, kaendelee na kazi. Si kila duka linahitaji mistari 17,520.

## Siku ya kuhama

Kabla ya kusaini, hakikisha hudaiwi. Muuzaji wa zamani anaweza kuzuia uhamisho kwa sababu ya deni au mkataba ambao bado unaendelea. Uliza ada ya kuvunja mkataba ni kiasi gani na inakokotolewaje, kwani wengine hutoza uniti zote zilizobaki.

Siku ya uhamisho, piga picha ya mita. Namba ya mita ionekane, tarakimu zote zionekane, na kama ni ya bei mbili, picha ya kila rejista (hesabu ya mchana na ya usiku) pamoja na jina lake. Tuma usomaji huo kwa wauzaji wote wawili siku hiyohiyo. Ugomvi mwingi wa baadaye unatokana na muuzaji wa zamani kufunga kwa makadirio ya juu na mpya kuanza kwa ya chini, ukalipia uniti zilezile mara mbili.

Usifute malipo ya benki ya muuzaji wa zamani hadi bili ya mwisho ije na salio lako lirudi.

Bili ya kwanza ya muuzaji mpya ikifika, iweke kando ya masharti uliyosaini na uikague mstari kwa mstari: bei ya uniti, saa za bei, ada ya siku, kizidisho, kodi, kilele. Rejista za usiku na mchana zilizobadilishana nafasi ni kosa la kawaida, na kwa mwokaji ni kosa la fedha nyingi. Ukilikuta, andika ndani ya wiki hiyo, ambatisha picha, na omba namba ya malalamiko.

Kisha fungua kalenda, weka tarehe ya mwisho wa mkataba huu.